Kungoja Katika Chumba cha Dharura

Labda umepata kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, ukakuta mabenchi yamejaa, na wengine wamelala sakafuni juu ya kanga zao. Ukaketi. Baada ya kitambo akaletwa mtu mwingine, naye akaingizwa ndani mbele yako. Moyo ukakuuma, ukasema, Hapa pana upendeleo. Mara nyingine upo kweli. Lakini mara nyingi si upendeleo, ni kanuni, nayo yafaa tuijue.

Kanuni hiyo ni ya kuwapambanua wagonjwa, na asili yake ni vitani. Dominique Jean Larrey, mganga wa majeshi ya Napoleon wa Ufaransa, aliagiza kwamba majeruhi walio katika hatari kubwa watibiwe kwanza, bila kuangalia cheo. Afisa mwenye jeraha dogo alipaswa kumngoja askari wa kawaida aliyekuwa akitokwa na damu nyingi. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 2004, waganga wa Cape Town walitunga utaratibu wa rangi, ambao sasa watumika katika nchi nyingine pia. Mwuguzi huhesabu pumzi na mapigo ya moyo, hupima joto na msukumo wa damu, hutazama kama mgonjwa aweza kutembea, na kama akiitwa aitika. Mwenye rangi nyekundu hutibiwa papo hapo. Mwenye rangi ya machungwa kabla ya dakika 10 kwisha. Wa manjano kabla ya saa 1. Wa kijani aweza kungoja hata saa 4.

Mbona basi watu hujazana? Wengi huwalaumu wale wanaokuja na mafua na vidonda vidogo. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba sababu kubwa iko upande wa pili. Mgonjwa amekwisha kutazamwa, imeamriwa alazwe, lakini wodini hakuna kitanda. Basi hubaki pale pale, na nafasi yake haipatikani kwa mwingine. Mfereji ukizibwa chini, maji hurudi juu.

Wala hii si shida ya nchi maskini peke yake. Katika Uingereza iliwekwa amri mwaka 2004 kwamba karibu wagonjwa wote wawe wametoka chumba cha dharura kabla ya saa 4 kupita; hata hivyo kwa miaka mingi sasa amri hiyo haitimizwi, na wazee hulazwa katika ushoroba juu ya vitanda vya magurudumu. Wagonjwa wenyewe wakiulizwa, hawaanzi kulalamika juu ya dawa. Husema waliulizwa habari za siri za miili yao mbele ya wapita njia. Taa haikuzimwa usiku kucha. Choo kilikuwa mbali na hapakuwa na wa kuwashika mkono. Hasa husema hawakuambiwa neno. Mtu aliyeambiwa, Utangoja saa 3 kwa sababu hii, huvumilia kuliko yule aliyengoja saa 1 pasipo kujua kama amesahauliwa.

Na kusahauliwa kwaweza kuua. Mwezi wa Septemba mwaka 2008, katika mji wa Winnipeg, Kanada, Brian Sinclair, mtu wa wenyeji wa asili wa nchi ile, mwenye miaka 45, asiye na miguu, alifika hospitali kubwa katika kiti chake cha magurudumu. Daktari wa zahanati alikuwa amempa barua, maana mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Mfanyakazi mmoja alisema naye, lakini jina lake halikuandikwa katika orodha ya wagonjwa. Akangoja saa 34. Akatapika, akaletewa beseni. Watu waliokuwa wakingoja pamoja naye walijaribu kuwaambia wafanyakazi. Baadhi ya hao walidhani amelewa, au ni mtu asiye na makao aliyekuja kujikinga na baridi. Alipotazamwa hatimaye, alikuwa amekwisha kufa, na mwili umekauka. Ugonjwa wake ulikuwa wa kibofu, ambao kubadili mpira na kumpa dawa kungaliweza kuuponya. Hakimu aliyechunguza kifo hicho alitoa mashauri 63 mwaka 2014. Mojawapo ni kwamba wanaolala wakingoja waamshwe mara kwa mara.

Kwetu Tanzania, hospitali ya taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, ya kwanza ya namna yake katika hospitali za serikali, na mwaka uo huo madaktari wakaanza kufundishwa kazi hiyo kama fani ya peke yake. Lakini pengi bado jamaa ndiye mwenye kukaa karibu na mgonjwa. Kazi yake si kubeba chakula na kwenda dirishani kulipa tu. Na ahakikishe kwamba jina limeandikwa. Na aulize, kwa adabu, mgonjwa amewekwa katika rangi gani. Hali ikibadilika, aende tena kwa mwuguzi, wala asione haya kwa kuwa alikwenda kwanza. Tena aliyekuwa akilia kwa maumivu akinyamaza ghafula, asidhani amepata nafuu: na amwite kwa jina, na asipoitika, apaze sauti.