Kabla Kikundi Hakijanunua Lethi Kubwa Iliyotumika

Katika toleo hili tunajifunza pamoja na vikundi vyenye karakana, hasa vile vya kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini. Kikundi kikishapata mashine ya kuchomelea, grainda na drili, macho huanza kutazama mashine ya kukereza chuma, ile mafundi wa jua kali huiita lethi.

Sababu ya kuitamani inaeleweka. Shafti ya pampu ya kisima ikilika, ekseli ya mkokoteni wa punda ikikatika, au bushi ya kinu cha posho ikiisha, kazi hupelekwa Nairobi. Nauli inatumika, siku zinapita, na huku nyuma ng'ombe hawana maji. Karakana yenye lethi hapa karibu ingeokoa mengi.

Lethi kubwa mpya ni ghali. Zilizotumika hupatikana viwanda vinapofungwa au vinapobadilisha mitambo, na nyingine huingia kwa meli kupitia Mombasa. Kati ya hizo kuna za Uingereza zenye jina, kama Colchester na Harrison. Mashine nzito haitetemeki ovyo, kwa hiyo lethi ya zamani iliyotunzwa bado yaweza kufanya kazi safi. Lakini jambo moja tulishike tangu mwanzo: bei ya mashine si gharama ya mashine. Muuzaji atawatajia bei. Gharama ni ninyi wenyewe mtaitafuta.

1. Anzeni na daftari

Kwa miezi mitatu, andikeni kila kazi ya kukereza iliyoletwa kwenu mkaipeleka kwingine. Andikeni ni kitu gani, unene wake, urefu wake, na mwenyewe alilipa ngapi.

Daftari hili litawaonyesha mambo mawili. Kwanza ni ukubwa wa mashine mnayohitaji. Lethi hupimwa kwa unene wa kitu kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda chake bila kugusa, na kwa urefu kati ya kichwa na mkia. Kama kazi zenu ni bushi na pini za trela, hamhitaji kitanda cha mita 3.

Jambo la pili ni pesa. Tuchukue mfano tu. Daftari linaonyesha kazi 8 kwa mwezi, kila moja shilingi 1,500. Hiyo ni 12,000 kwa mwezi. Kama mashine, usafiri, msingi na stima vyote vitafika 600,000, basi ni miezi 50 kabla pesa hazijarudi, na bado hamjamlipa fundi wala kununua visu. Hesabu ikitoka hivyo, afadhali mngoje, au mtafute mashine ndogo. Kungoja si aibu.

2. Someni kibao cha mota

Hapa ndipo vikundi vinaweza kukwama vibaya. Lethi kubwa karibu zote hutumia stima ya fezi tatu, volti 415. Nyumba nyingi vijijini zina fezi moja, volti 240. Mashine ikifika na stima hakuna, itafunikwa turubai na kuku watataga juu yake.

Kwa hiyo someni kibao kilichopigwa kwenye mota. Mota ya hospawa 7 na nusu ni kama kilowati 5.6, na wakati wa kuanza huvuta stima mara tano hadi saba kuliko ikishazunguka. Njia zilizopo ni hizi:

– Kuomba fezi tatu kutoka Kenya Power. Pateni gharama kwa maandishi kabla ya kununua mashine. Kama laini ya fezi tatu iko mbali na ploti yenu, gharama yaweza kupita bei ya lethi.

– Kutumia inveta ya mota. Hii si ile ya sola. Inachukua fezi moja na kutoa fezi tatu. Lakini zile za kawaida zikiingizwa volti 240 hutoa 240 hiyo hiyo. Kwa hiyo mota iwe na kibao kinachosema 240/415 au 220/380. Kibao kikisema 380/660, mota hiyo haitafaa kwa njia hii.

– Kubadilisha mota na kuweka ya fezi moja. Kwa lethi ndogo inawezekana. Kwa kubwa, stima ya nyumbani haitabeba.

Tena mashine ya kutoka Marekani au sehemu za Japani huenda mota yake ilitengenezwa kwa mizunguko 60 ya stima, na yetu ni 50. Itazunguka polepole zaidi, karibu sehemu moja katika sita.

3. Nendeni na mkerezaji, mashine izungushwe

Msinunue kwa picha ya simu. Rangi mpya si ushahidi wa kitu. Hata bati bovu hupakwa rangi. Nendeni na fundi aliyefanya kazi ya kukereza, na mwombe muuzaji aiwashe. Akikataa au akisema stima haipo leo, rudini siku stima ipo.

Kitanda. Lethi huchakaa zaidi karibu na kichwa, kwa kuwa kazi nyingi hufanyiwa hapo. Pitisheni ukucha kwenye reli za kitanda. Mkihisi ngazi, pamelika. Kisha sogezeni gari linalobeba kisu karibu na kichwa, mkaze kidogo skrubu ya kulifungia hadi lianze kusita, halafu mlisukume kuelekea mkia. Likikwama njiani, kitanda kimelika upande wa kichwa. Kuchonga kitanda upya ni kazi kubwa ya pesa nyingi.

Beringi na gia. Zungusheni mashine kwa kila spidi, mbele na nyuma, mkisikiliza. Iacheni izunguke nusu saa, kisha mguse kichwa kwa nje. Joto la kawaida ni sawa. Mkono ukishindwa kukaa, kuna shida.

Kipimo cha kweli. Fungeni kipande cha chuma chenye unene wa kama milimita 50, mkikereze kidogo kwa urefu wa milimita 150, kisha mpime ncha mbili kwa maikromita. Tofauti ya sehemu chache za mia za milimita inavumilika kwa kazi ya ukarabati. Ikiwa kubwa, msikate tamaa mara moja: huenda mashine imesimama kombo tu kwenye yadi. Fundi ailalishe sawa kwa pimamaji, mjaribu tena.

Nyuzi za skrubu. Mashine za zamani za Uingereza mara nyingi hukata nyuzi za inchi. Mabomba yetu ni ya inchi, lakini bolti za Toyota na Isuzu ni za milimita. Ulizeni gia za kubadilisha, pamoja na ile ya meno 127 inayogeuza inchi kuwa milimita. Ikikosekana, mtapoteza sehemu ya kazi.

Vifaa vyake. Hesabuni chaki ya taya tatu na ya taya nne, sahani bapa, kishikio cha visu, ncha za kuegemezea, na mkono wa kushikilia shafti ndefu. Vitu hivi vikinunuliwa kimoja kimoja vitawamaliza.

4. Udongo mweusi na msingi

Sisi wa Kitengela tunajua udongo wetu. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Nyumba zinapata nyufa kwa sababu hiyo, na lethi pia itapinda. Sakafu ikisogea hata kidogo, kitanda kinajikunja na kazi inatoka upande mmoja mnene, mwingine mwembamba.

Kwa hiyo ondoeni udongo mweusi mpaka mfikie murramu au mwamba, mjaze mawe, mshindilie, kisha mwage zege nene lenye wavu wa chuma. Liacheni likomae wiki nne kabla ya kuweka mashine. Na kila baada ya mvua ndefu, wekeni pimamaji tena.

5. Usafiri

Lethi kubwa ina uzito wa tani moja hadi tatu, na uzito mwingi uko upande wa kichwa. Hupinduka upesi. Kodisheni lori lenye kreni. Kabla ya kuinua, sukumeni gari na mkia hadi mwisho ili uzito ulingane, na mikanda ipite chini ya kitanda. Kamwe isifungwe kwenye skrubu ndefu wala kwenye shafti. Mtu asisimame chini yake, hata kwa dakika moja.

6. Karatasi, na mashine ni ya nani

Dai risiti yenye jina la kikundi na namba ya mashine. Tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, anayeuza vyuma chakavu anahitaji leseni. Mashine isiyo na karatasi yaweza kuwaletea polisi.

Halafu kuna jambo ambalo watu huona haya kulisema. Mashine itakaa kwenye ploti ya nani? Ikikaa nyumbani kwa mwanachama, naye akiaga dunia au akikosana na wenzake, familia yake itasema ni yao. Andikeni mkataba, mwenye ploti na mkewe au mumewe watie sahihi, viongozi watie sahihi, na nakala ikae kwa chifu au ofisi ya ustawi wa jamii.

7. Usalama

Lethi haina huruma. Shuka, leso, shanga, bangili na nywele ndefu vikishikwa na chaki, mkono au shingo hufuata. Vyote vivuliwe au vifungwe. Glavu zisivaliwe mashine ikizunguka. Miwani ni lazima. Ufunguo wa chaki usiachwe ndani yake hata kidogo. Swichi ya kuzimia haraka iwe mahali mkono unafika. Watoto wasiingie.

Katika Luka 14 Yesu anazungumza juu ya mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza, na watu wakamcheka. Hakumlaumu kwa kutaka mnara. Kilichokosekana ni hesabu. Pesa za kikundi ni jasho la akina mama waliouza maziwa na vijana waliochimba mawe. Tuzihesabu kwa heshima.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni kazi gani za kukereza tulizopeleka mbali mwezi uliopita?
2. Stima yetu ni fezi ngapi, na laini ya fezi tatu iko umbali gani?
3. Ni nani kati yetu anajua kukereza? Kama hayupo, tutamsomesha nani kwanza?
4. Tukijumlisha mashine, usafiri, msingi, stima na vifaa, jumla ni ngapi, na itarudi kwa miezi mingapi?
5. Mashine itakaa wapi, na mkataba utaandikwa na nani?