Mlinzi wa Geti la Seli

Kijana mwenzangu, hebu tuanze na panya. Miaka ya 1950, huko Marekani, mwanasayansi Stanley Cohen aliwadunga watoto wa panya majimaji yaliyotoka kwenye tezi za mate za panya wakubwa. Kwa kawaida mtoto wa panya hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi. Hawa walifumbua wakiwa na wiki moja tu! Ndani ya majimaji yale mlikuwa na kitu kinachoziamuru seli zikue. Tukiite kichocheo cha ukuaji. Mwaka 1986 Cohen na mwenzake Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua vichocheo vya namna hiyo.

Unauliza, panya wanahusiana nini na tumbo lako? Wanahusiana sana. Ukuta wa ndani wa tumbo unakaa na asidi usiku na mchana, na seli zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache. Bila vichocheo vya ukuaji, majeraha yake yasingepona. Kwa hiyo usivione kama adui.

Ila kichocheo hakiingii ndani ya seli. Chukulia shule ya bweni. Mgeni analeta barua, anaishia getini. Mlinzi anaipokea, kisha anapiga simu ofisini. Uzio wa seli ni utando wake, na walinzi ni protini zilizochomekwa kwenye utando huo, ziitwazo vipokezi. Barua ikifika, kipokezi hupeleka habari ndani: gawanyika!

Sasa fikiria geti moja lina walinzi mia, wamebanana. Wanasukumana, wanapiga simu ofisini hata barua haijaja. Ndivyo inavyotokea katika baadhi ya saratani za tumbo. Kati ya wagonjwa 100, kama 15 hadi 20 wana kipokezi kiitwacho HER2 kwa wingi kupita kiasi. Seli inagawanyika tu, haina breki. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba dawa ya trastuzumabu, ambayo humkamata mlinzi huyo, ikiongezwa kwenye dawa za kawaida inawasaidia wagonjwa hawa ambao saratani imeshasambaa. Lakini tusidanganyane: nusu ya waliopata dawa za kawaida tu waliishi zaidi ya miezi 11, kwa walioongezewa ilikuwa karibu 14. Wengi wao walichelewa kugundulika.

Ipo protini nyingine ya utando, E-kadherini. Hii si mlinzi, ni gundi. Inaishikanisha seli na jirani yake. Ikikosekana, seli zinaachana na kupenya mojamoja chini ya ukuta wa tumbo bila kufanya uvimbe, hata kipimo cha kamera kinaweza kuzikosa. Mwaka 1998, ukoo mmoja wa Wamaori wa New Zealand, uliokuwa umezika ndugu wengi, wengine wakiwa vijana kabisa, ulishirikiana na wanasayansi na kosa la gundi hiyo likapatikana kwenye urithi wao. Tangu hapo ndugu waliweza kupimwa damu mapema. Baadhi ya waliokutwa na kosa hilo walikubali kutolewa tumbo lote wakiwa bado wazima. Je, ungekuwa wewe?

Kwa wengi, lakini, chanzo si urithi. Ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayechoma tumbo polepole kwa miaka mingi. Wengi wenye bakteria huyu hawapati saratani, na anatibika kwa antibiotiki.

Katika umri wako ugonjwa huu ni nadra. Lakini mwangalie baba anayetafuna vidonge vya asidi kila usiku akisema ni vidonda tu. Vidonge hivyo vinaweza kutuliza maumivu hata ya saratani. Kama anakonda bila sababu, anashiba kwa matonge mawili, chakula kinakwama, anatapika damu au choo chake ni cheusi kama lami, mwambie, "Baba, twende hospitali wakupime kwa mrija wa kamera." Akikataa, mwambie mama.