Mizimu Iliyowaka na Kuzimika

Ukimkuta Mmarekani aliyekuwa mtoto miaka ya 1980, ukamwuliza habari za michezo ya video ya siku zile, uso wake utachangamka. Atakusimulia mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama kabati, imesimamishwa dukani au katika ukumbi wa michezo, nayo haikuchezeka mpaka itiwe sarafu ya senti 25. Ya pili ilikuwa kisanduku cha nyumbani kilichoungwa na televisheni. Mara nyingi mchezo ulikuwa na jina lile lile katika mashine zote mbili, naye huapa kwamba ulikuwa ule ule. Sivyo.

Chukua Space Invaders, mchezo uliotolewa Japani na kampuni ya Taito mwaka 1978. Maadui hushuka kutoka angani kwa safu, nawe huwapiga risasi kutoka chini. Katika kabati la dukani walikuwa 55: safu 5, kila safu maadui 11. Mwaka 1980 mchezo huo ukatolewa kwa mashine ya nyumbani ya Atari, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977. Mtoto akihesabu aliona 36 tu, safu 6 za sita sita. Je, wengine walikwenda wapi?

Jibu limo ndani ya kisanduku. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 128 tu, na kila nafasi yatosha herufi moja. Sentensi mbili za makala haya zingeijaza pomoni. Basi haikuweza kuhifadhi picha nzima. Televisheni za Marekani zilichora picha kwa mwale, mstari baada ya mstari, mara 60 kwa sekunde, nayo programu ilipaswa kutayarisha kila mstari mwale ukipita. Ni kama kutandika reli mbele ya gari la moshi linalokuja! Tena mashine ile iliundwa kwa michezo ya watu wawili, kama vile vifaru viwili kupigana. Kwa hiyo ilikuwa na vikaragosi viwili tu, pamoja na vitone vya risasi na mpira. Lakini kila kikaragosi kiliweza kurudiwa mara tatu katika mstari mmoja. Mbili mara tatu ni sita, na hiyo ndiyo safu ya maadui sita. Mimi naona hila hiyo yastahili sifa.

Pac-Man ulikuwa mgumu zaidi. Katika mchezo huo wa kampuni ya Namco, wa mwaka 1980, mdomo wa manjano hula vitone huku ukifukuzwa na mizimu minne. Kila mzimu hushika njia yake, basi hila ya kurudia haikufaa kitu. Ulipotolewa kwa mashine ya Atari mwaka 1982, mizimu ilichorwa kwa zamu: huyu katika picha hii, mwenzake katika picha ifuatayo. Machoni pa mchezaji ikawa inawaka na kuzimika. Walionunua walikuwa mamilioni, na walionung'unika hawakuwa wachache.

Mbona basi watu wanaukumbuka mchezo wa nyumbani kwa mapenzi? Tufanye hesabu. Mashine ilipoanza kuuzwa bei yake ilikuwa karibu dola 200, yaani sarafu 800 za senti 25. Mwenye kabati alipata faida mchezaji aliposhindwa upesi, na nyuma yake palikuwa na mwingine akingoja zamu. Nyumbani hapakuwa na haraka hiyo. Space Invaders wa nyumbani ulikuwa na namna 112 za kucheza, nyingine maadui hawaonekani, nyingine ndugu wawili wanacheza pamoja. Kabati halikuwa na mambo hayo.

Hata mchezo ulio sawa kabisa na wa ukumbini ulipatikana nyumbani baadaye: mwaka 1990 kampuni ya SNK ilitoa Neo Geo, lakini huko Marekani bei yake ilifika dola 650. Ni wazazi wangapi wangekubali?

Mwaka 2023 Atari ilitoa mashine mpya inayopokea katriji zile za kale. Ukitia Pac-Man wa mwaka 1982, mizimu bado inawaka na kuzimika.