Mwanga Bandani Bila Moto



Wengi wetu tunaingia bandani usiku na kibatari mkononi. Tunakwenda kumtazama kuku anayeatamia, au tumesikia kelele. Chini kuna maranda makavu. Juu kuna nyasi. Kuku mmoja akiruka, kibatari kinaanguka. Banda linateketea jirani hajaamka.

Leo tujifunze njia nyingine, yaani taa za mkanda. Hizi ni taa ndogo ndogo za LED zilizopangwa kwenye utepe. Roli moja kwa kawaida ina mita 5. Aina tunayoisema hapa inatumia volti 12, umeme wa betri.

KOSA LETU

Kwanza tuwaambie kosa letu. Tulipofunga taa hizi tulisikia kwamba umeme wa volti 12 haurushi mtu. Ni kweli, ukigusa kwa mkono mkavu husikii kitu. Basi tukadhani hauna hatari yoyote. Tukaunga nyaya moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi.

Usiku panya akatafuna nyaya. Nyaya mbili zikagusana, zikapiga shoti. Asubuhi tulikuta plastiki ya waya imeyeyuka, na maranda yameungua, pahali panapotosha kiganja cha mkono. Bahati yetu maranda yalikuwa na unyevu. Yangekuwa makavu, tusingekuwa na kuku tena.

Basi tukumbuke neno hili: Volti 12 haimrushi mtu, lakini inaweza kuchoma banda.

FYUZI NI NINI?

Ndani ya fyuzi mna kijiwaya chembamba. Umeme ukizidi, kijiwaya hukatika kabla waya wa taa haujaungua. Weka fyuzi karibu na betri, isipite shibiri moja. Kwa nini? Kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Kiwe kifupi.

TUFANYE HESABU

Banda letu lina hatua 4 kwa 3. Mita 2 za mkanda zinatutosha. Mkanda wetu umeandikwa wati 4.8 kwa mita.

Wati 4.8 × mita 2 = wati 9.6
Wati 9.6 ÷ volti 12 = ampea 0.8

Kwa hiyo fyuzi ya ampea 2 inafaa. Usiweke ya ampea 20 eti ndiyo iliyopo nyumbani. Wala usiweke kipande cha waya badala ya fyuzi.

Betri yetu ni ya volti 12, ampea-saa 7.

12 × 7 = wati-saa 84

Betri ya namna hii ikimalizwa kila siku huharibika upesi. Tutumie nusu tu, wati-saa 42. Ukigawa 42 kwa 9.6 unapata saa 4 na zaidi kidogo. Mchana paneli ya sola ya wati 20 inaijaza tena, kwa kupitia kidhibiti chaji, ambacho wengi wanakiita kontrola.

HATUA ZA KAZI

1. Kata mkanda penye alama ya kukatia tu. Ukikata pengine, kipande hicho hakiwaki.

2. Weka betri nje ya banda, chini ya paa, penye hewa, mbali na maranda.

3. Weka fyuzi kwenye waya mwekundu, upande wa chanya (+). Kutoka hapo nenda kwenye kontrola, kisha swichi, kisha mkanda.

4. Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki, panya wasizifikie.

5. Funga mkanda juu kwenye boriti, kuku wasiudonoe. Gundi yake haishiki penye vumbi, kwa hiyo tumia vibanio. Usiupigilie msumari katikati. Chagua mkanda uliofunikwa plastiki laini, maana vumbi na unyevu vinauharibu.

6. Ondoa fyuzi unapounga nyaya. Ukishamaliza kukagua, irudishe. Paneli iunge mwisho. Taa zisipowaka, tazama kama umegeuza chanya na hasi.

7. Usiwashe mkanda ukiwa bado umeviringishwa. Unapata joto na kuungua.

Fyuzi ikikatika, usikimbilie kuweka nyingine. Tafuta kwanza nyaya zimegusana wapi.

Angalizo: Somo hili ni la umeme wa betri tu. Umeme wa nguzo ni volti 230, nao unaua. Huo mwachie fundi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini fyuzi inawekwa karibu na betri, si karibu na taa?

2. Mama mmoja ana mkanda wa mita 3, wati 4.8 kwa mita. Betri yake ni kama yetu. Akitumia nusu ya betri, taa zitawaka saa ngapi?

3. Katika banda lako, panya wanapita wapi? Utapitisha nyaya wapi?

Ukimaliza kusoma, msomee jirani ambaye bado anaingia bandani na kibatari.