Kurudisha Wanyama Wakubwa Katika Nchi Yenye Watu

Katika fundisho la mwezi huu twataka kuliangalia jambo ambalo siku hizi huulizwa mara nyingi: Je, wanyama wakubwa waliotoweka katika nchi, yaani tembo, faru na simba, waweza kurudishwa mahali palipojaa watu? Wako wanaojibu upesi kwamba yafaa, nao kwa kawaida hukaa mbali na mashamba. Wako pia wanaojibu upesi kwamba haifai kamwe, kana kwamba nchi haipotewi na kitu wanyama wakiisha. Sisi tukaao juu ya nyanda za Ufipa haitupasi kujibu upesi. Kaskazini yetu iko Katavi, mashariki liko bonde la Rukwa, na wanyama wakubwa wako huko hata leo. Basi na tulipime jambo hili hatua kwa hatua.

1. Mnyama mkubwa ahitaji nini?

Tembo mzima hula kilo 150 za majani na zaidi kwa siku moja, tena hunywa maji lita 100 na zaidi. Hawezi kukaa mahali pamoja. Hana budi kutembea, wala hajui mpaka ulioandikwa katika ramani. Kundi dogo likiingia katika mahindi yaliyokomaa, chakula cha mwaka mzima cha nyumba moja chaweza kuisha usiku mmoja.

Kuhusu simba, wataalamu walitangaza mwaka 2005 ya kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Wengi walikuwa wakulima wa kusini. Tena sababu yake yatufundisha neno. Nguruwe mwitu waliingia mashambani wakati wa mavuno, na wakulima wakalala katika madungu ili kulinda mazao yao. Simba waliwafuata nguruwe, wakawakuta watu. Twaona basi ya kuwa hatari haimo katika mnyama peke yake. Imo pia katika kupungua kwa mawindo yake ya asili, na katika umaskini wa mtu ambaye hana ulinzi wa shamba lake ila mwili wake mwenyewe.

2. Mahali walipojaribu

Katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya ziwa Victoria, faru weusi 16 waliletwa kati ya mwaka 1963 na 1965, kisha sokwe 17 kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969. Sokwe wale, waliokuwa wamezoea kulishwa na watu, walijifunza maisha ya msituni, wakazaa, na wazao wao wako hata sasa. Lakini wawili walipigwa risasi kwa sababu waliwashambulia watu, nao faru waliangamizwa na majangili. Maji ya ziwa yalikuwa ukuta kwa wanyama, ila hayakuwa ukuta kwa mwindaji mwenye mtumbwi.

Huko Mkomazi, karibu na Upare, faru walikuwa wameisha katika miaka ya 1980. Wanne waliletwa kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1997, na wengine wanne mwaka 2001, wakawekwa ndani ya uzio wenye walinzi. Kazi hiyo imefaulu, kwa maana faru wamezaliana. Walakini tusisahau ya kwamba wafugaji waliokuwa wakichunga Mkomazi waliondolewa mwaka 1988. Ndivyo ilivyo mara nyingi: nafasi ya mnyama ilikuwa kwanza nafasi ya mtu.

Huko Rwanda, baada ya mwaka 1994, watu wengi walirudi kutoka uhamishoni pamoja na ng'ombe wao, na simba wa Akagera wakamalizwa. Mwaka 1997 mbuga ile ilipunguzwa zaidi ya nusu ili watu wapate mahali pa kukaa. Hata hivyo mwaka 2015 simba saba waliletwa kutoka Afrika ya Kusini, na mwaka 2017 faru weusi 18, nao wameongezeka. Kwa nini yaliwezekana? Kwanza uzio wa kilomita 120 ulikwisha kujengwa mwaka 2013, kabla simba hawajaletwa. Pili, vijiji vya jirani hupewa fungu katika fedha za wageni, na fungu hilo kwa mbuga zote za nchi lilipandishwa mwaka 2017 hata sehemu kumi katika mia.

Sasa tuangalie Malawi. Mwezi wa Julai mwaka 2022 tembo 263 walihamishwa kutoka Liwonde na kupelekwa Kasungu, mpakani mwa Zambia. Uzio wa Kasungu haukuwa umeizunguka mbuga pande zote. Tembo wakatoka, wakaingia mashambani, na watu kadhaa wakauawa pande zote mbili za mpaka. Akagera walitangulia kujenga uzio, kisha wakaleta wanyama. Kasungu wanyama waliutangulia uzio. Ni tofauti ya utaratibu tu, walakini waliozikwa hawarudi.

3. Nchi yetu ya Ufipa

Mwaka 2012 mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu milioni moja na kidogo. Katika hesabu ya mwaka 2022 walizidi milioni moja na nusu. Mtu asimamaye juu ya milima ya Mbizi huona mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na malisho ya ng'ombe katikati yake. Miti ni michache. Tembo akiletwa hapa juu hatapata kivuli wala pa kujificha, na uzio wa kumzuia ungewatenga watu na maji yao na malisho yao. Kwa hiyo twasema wazi: kurudisha tembo au simba juu ya nyanda hizi hakufai.

Lakini jibu hilo halimalizi wajibu wetu. Katika msitu wa Mbizi wako bado mbega wekundu, ambao hawamdhuru mtu, na msitu huo huo ndio utunzao maji ya Sumbawanga. Tena ziko njia za wanyama kati ya Katavi, Lwafi na nchi za jirani, ambazo huitwa shoroba. Shamba likilimwa katikati ya ushoroba, tembo haachi safari yake, bali hupita ndani ya mahindi. Kuiacha njia iliyopo ni nafuu sana kuliko kumrudisha mnyama aliyekwisha, maana kumrudisha kwataka ndege, magari, waganga na walinzi kwa miaka mingi. Hapo ndipo halmashauri ya kijiji iwezapo kufanya kazi kubwa: kuijua njia na kuitenga kabla haijagawanywa.

Na kwa mashamba yaliyo karibu na njia, yako maarifa yasiyo ghali. Huko Sagalla, karibu na Tsavo katika Kenya, wakulima wametundika mizinga kuzunguka mashamba yao, na tembo wengi hugeuka wasikiapo nyuki. Tena mwenyewe hupata asali. Walakini wakati wa ukame nyuki huihama mizinga, na ulinzi hupungua.

4. Nani atalipa?

Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, humhukumu mwenye ng'ombe mkali kwa kipimo cha kujua: ikiwa alionywa habari za ukali wake naye hakumzuia, hatia ni yake. Kipimo hiki chafaa hata hapa. Anayemleta tembo karibu na kijiji ajua tabia za tembo. Katika Tanzania kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina hayo yenyewe yakiri ya kuwa si fidia kamili. Basi mpango wowote wa kurudisha wanyama uonyeshe kwanza, kabla ya mnyama wa kwanza kufika, ni nani atalipa, kiasi gani, na kwa muda gani. Usipoonyesha hayo, umemwachia mkulima deni asilolikopa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji chetu, ni wanyama gani ambao wazee waliwaona na watoto hawawaoni? Waliondoka kwa sababu gani?

2. Tungeulizwa kama faru waletwe bondeni, tungetaka kujua mambo gani kabla ya kujibu?

3. Je, iko njia ya wanyama au sehemu ya msitu iliyo mikononi mwetu, ambayo twaweza kuitunza mwaka huu bila kungoja mtu wa mbali?