Hesabu ya Uwezekano katika Mashindano ya Herufi

Katika mchezo wa bao kete zote huwa wazi machoni pa wachezaji wawili, na ashindwaye hana bahati ya kuilaumu. Katika karata, kinyume chake, mengi hutegemea kile ambacho mkono umejaliwa kupata. Mchezo wa herufi uitwao Scrabble umesimama kati ya hiyo miwili: mchezaji huokota kete zake bila kuziona, lakini akisha kuziokota huzipanga kwa akili yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mashindano yake ni darasa zuri la nadharia ya uwezekano, yaani elimu ya kupima lisilojulikana kwa kutumia lile linalojulikana.

Asili na kanuni

Mchezo huu ulibuniwa Marekani na Alfred Mosher Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Ili ajue kila herufi yastahili kete ngapi, Butts alihesabu herufi katika kurasa za magazeti. Herufi zilizojitokeza mara nyingi alizipa kete nyingi na alama chache. Zilizokuwa adimu alizipa kete chache na alama nyingi. Jina la Scrabble lilianza kutumika mwaka 1948.

Seti ya Kiingereza ina kete 100: irabu 42, konsonanti 56, na kete tupu 2 ambazo huweza kusimama badala ya herufi yoyote. E ina kete 12, kila moja ikiwa na alama 1. Q na Z zina kete moja moja, yenye alama 10. Ubao una miraba 225. Kila mchezaji hushika kete 7, na akizitumia zote kwa mkupuo mmoja huongezewa alama 50. Katika mashindano wachezaji ni wawili, na kwa kawaida kila mmoja hupewa dakika 25 kwa mchezo mzima. Mfuko wa kete huinuliwa wakati wa kuokota, ili mkono usisaidiwe na jicho.

Bahati inavyopimika

Je, mchezaji anayeanza ana tumaini gani la kupata kete tupu? Ni rahisi zaidi kutafuta kwanza uwezekano wa kuzikosa zote mbili. Kete 7 zimo mkononi mwake, na 93 ziko kwingineko. Kete tupu ya kwanza ina nafasi 93 kati ya 100 za kuwa nje ya mkono. Ikiwa iko nje, ya pili ina nafasi 92 kati ya 99. Sehemu hizo mbili zikizidishwa hutoa 0.864. Basi uwezekano wa kupata angalau kete tupu moja ni 0.136, yaani karibu mara 14 katika michezo 100. Kwa njia hiyo hiyo, uwezekano wa kupata angalau S moja, ambayo ina kete 4, ni karibu robo.

Hesabu hii ina funzo. Katika mchezo mmoja, dhaifu aweza kumshinda hodari kwa neema ya mfuko. Katika michezo mingi neema hiyo hujisawazisha. Ndiyo maana mashindano makubwa huwa na michezo mingi, na wanaolingana kwa ushindi hutenganishwa kwa jumla ya tofauti za alama.

Akiba ya mkononi

Mchezaji mgeni hutazama alama anazopata sasa. Mzoefu hutazama pia kete anazobakiza. Mathalani, mwenye A, E, I, N, R na T akiokota C hupata CERTAIN. Akiokota D hupata TRAINED. G humpa GRANITE, L LATRINE, M RAIMENT, P PAINTER, na S NASTIER. Yeyote kati ya kete hizo humletea zile alama 50. Kwa hiyo yafaa mara nyingine kuacha alama chache za sasa ili kutunza akiba ya namna hiyo.

Kete za mwisho

Aghalabu ushindi huamuliwa mwishoni. Mchezaji hodari hufuta kwenye karatasi kila herufi iliyokwisha kutoka, na hivyo hujua zilizosalia. Chukua mfano ambapo kete 8 hazijaonekana: 7 ziko kwa mpinzani na 1 imo mfukoni. Z ni mojawapo. Pasipo habari nyingine, uwezekano kwamba mpinzani anayo ni 7/8.

Lakini huenda habari nyingine ipo. Ikiwa katika zamu yake iliyopita mpinzani aliona nafasi wazi ya kuweka Z kwa alama 40, akaiacha, akacheza kete moja na kuokota nyingine moja, basi yaelekea Z haimo katika zile 6 alizobakiza. Imebaki iwe ile aliyookota au ile iliyomo mfukoni: uwezekano umeshuka hadi 1/2.

Je, nafasi hiyo izibwe, iwapo kuiziba kunagharimu alama 25? Kwa uwezekano wa 7/8, hasara inayotazamiwa ni alama 35, na kuziba kwafaa. Kwa 1/2 ni alama 20 tu, na kuziba kwaonekana ghali. Hata hivyo, alama si ushindi. Mchezaji ambaye kwa kucheza kwingine angeongoza kwa alama 30, akiziba atabaki mbele kwa 5. Asipoziba, mara moja katika mbili atapitwa kwa 10. Mambo mengine yakiwa sawa, na azibe.

Kumbukumbu

Herufi 7 tofauti hupangika kwa namna 5,040. Hakuna awezaye kuzijaribu zote kwa dakika chache. Mahodari hukariri maumbo ya maneno, hata yale wasiyoyajua maana. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa pasipo kukisema Kifaransa. Mwaka huo huo, huko Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza, akishinda fainali kwa michezo 4 kwa 0. Miongoni mwa maneno yake lilikuwamo FELTY, la herufi 5 tu, lililompa alama 36.

Zoezi kwa msomaji

Mfuko wa Kiingereza haukifai Kiswahili. Q na X hazitumiki katika Kiswahili sanifu. C husimama pamoja na H tu. Na K, ambayo Kiswahili huihitaji katika ku-, ki- na ka-, ina kete moja pekee. Chagua ukurasa wa gazeti la Kiswahili, hesabu herufi 1,000 za mwanzo, kisha gawa kila jumla kwa 10: utapata makadirio ya kete zinazostahili katika seti ya 100. Amua pia kama CH, SH na NY ziwe kete moja au mbili. Seti ya Kihispania ina kete za CH, LL na RR. Wanafunzi wakigawana kurasa mbalimbali na kulinganisha majibu, wataona kwamba sampuli kubwa hutulia kuliko ndogo, nao watakuwa wamerudia kwa mikono yao kazi aliyoifanya Butts.