Mwongozo kwa Wapiga Picha za Mandhari: Kilwa na Pwani ya Lindi

Mwongozo huu unawahusu wapiga picha wanaotumwa Kilwa na pwani ya Lindi kikazi, wawe wa magazeti, wa halmashauri au wa kampuni za utalii. Wengi huvuka kwenda Kilwa Kisiwani saa nne asubuhi na kurudi baada ya adhuhuri. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote: jua li karibu na utosi, kuta za mawe ya matumbawe zimepauka, vivuli vimekwisha.

Tazama kalenda kabla ya kushika kamera. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka mnamo saa nne. Kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo anayetaka mwamba ulioachwa wazi na maji huku jua likitua asiende siku za bamvua. Asubiri mpaka siku mbili tatu baada ya mwezi kuwa nusu. Manahodha wanalijua hilo bila jedwali. Waulize.

Msimu nao una neno. Gereza, ile ngome ya ufukwe wa kaskazini wa kisiwa, hupata jua kwenye ukuta unaotazama bahari mwezi Juni na Julai. Desemba jua limehamia kusini na ukuta huohuo hushinda kivulini. Mhariri anayedai picha hiyo mwezi Desemba aambiwe mapema. Juni nako kuna kusi: ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi ya kamera.

Lenzi pana hutumiwa vibaya na wanaodhani kazi yake ni kuingiza kila kitu. Lenzi hiyo hukuza kilicho karibu na kukifanya cha mbali kiwe kidogo. Ukisimama Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, na kuielekeza baharini tu, utapata uzi wa buluu na mbingu tupu. Sogea mpaka ukingo wa bwawa la pembe nane ujaze sehemu ya chini ya picha. Kwa kamera ya fremu kamili, milimita 24 na f/11, lenga kitu kilicho mita 2. Kuanzia mita 1 hadi upeo wa macho patakuwa pakali. Kichujio cha polaroidi kiache mfukoni, maana kwa upana huo huacha doa jeusi angani.

Kamera isiinuliwe juu wala kuinamishwa. Ukiiinua, kuta huonekana kulalia nyuma, na hapa hilo si kosa dogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Picha ya ukuta ulioinama ni taarifa ya uongo juu ya ukarabati uliofanyika.

Kata kibali Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, usipande juu ya kuta, na uwaombe ruhusa wavuvi kabla ya kuwapiga picha. Mwisho, patana na nahodha kuvuka kabla ya mapambazuko au kurudi magharibi, na umlipe saa za kukungoja kama unavyomlipa safari yenyewe.